Picha zinagombana: utatuzi wa matatizo ya mtindo katika gemu ya kuiga maisha

Gemu ya kuiga maisha ina balaa moja ambalo gemu ya vita au ya mbio za magari haina: mchezaji ndiye anayepanga kila kinachoonekana. Wewe unachora kiti, kabati, kikombe na shela. Yeye anavikusanya chumba kimoja kwa namna usiyowahi kuiwaza, anamvalisha mtu nguo mbili ulizozichora kwa kupishana miezi sita, kisha anakaa anavitazama saa kwa saa. Hakuna pembe ya kamera ya kufichia kasoro. Kwa hiyo mtindo hapa si uzuri wa mchoro mmoja. Ni kanuni zinazofanya vitu mia tano vielewane wakati wewe haupo.

Picha ikikataa, kishawishi cha kwanza ni kuchora upya. Usichore bado. Mara nyingi mkono hauna kosa. Iko kanuni iliyovunjwa, au ambayo haikuwekwa kabisa, na karibu kila mara inapimika kwa namba.

Mifano hapa ni ya mji mdogo wa pwani wenye nyumba za mawe na makuti, mfano wa Lamu, katika gemu ya 3D inayolenga simu za Android za bei ya kati. Gemu ya pikseli imetajwa pale inapotofautiana. Vipimo vyote ni vya kuanzia. Vibadilishe, lakini ukibadilisha badilisha kwa vitu vyote.

## Kwanza, chumba cha vipimo

Tengeneza ndani ya injini (programu inayoendesha gemu) mandhari moja tupu, sakafu ya mita 6 kwa 6, ambayo haitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Weka mtu mzima, mtoto, mlango, kitanda, kiti, mnazi, kikombe na kipande cha ukuta wa chokaa. Ongeza tufe la kijivu lenye RGB (viwango vya nyekundu, kijani na bluu, 0 hadi 255) 118, 118, 118, ambacho ndicho kijivu cha asilimia 18 wanachokitumia wapiga picha, na tufe jingine linaloakisi kama kioo. Taa iwe ya saa nne asubuhi ya gemu yenyewe.

Kitu kikiwa sawa humo lakini kibaya mtaani, kosa liko kwenye mwanga au kamera ya mtaa. Kikiwa kibaya kote, kosa ni lake. Ugawaji huu mdogo unaokoa siku nzima za kubahatisha.

Kisha piga picha tatu za skrini: ya kwanza kama ilivyo, ya pili iliyotolewa rangi ikabaki nyeusi na nyeupe, ya tatu iliyopunguzwa hadi upana wa pikseli 200. Ya pili inafichua mpangilio wa rangi nyepesi na nzito, ya tatu inafichua maumbo. Ukishindwa kumpata mhusika kwenye hiyo ya tatu kwa kutupa jicho mara moja, acha kabisa habari za rangi na urudi kwenye maumbo.

## Dalili: kila kitu kizuri peke yake, vikikaa pamoja vinagombana

Hili ndilo lalamiko linalotajwa zaidi, na lina vyanzo vitatu ambavyo kwa macho vinafanana.

Chanzo cha kwanza ni msongamano wa pikseli. Kitanda kimepewa teksha (picha inayovishwa juu ya umbo) ya 2048, na kabati la ukubwa uleule limepewa ya 256. Kimoja kinaonekana kimechapwa kiwandani, kingine kimepakwa matope. Kupima: ondoa teksha halisi, vivishe vitu vyote teksha ya drafti yenye ukubwa uleule wa pikseli na ile uliyoiondoa, kila mraba pikseli 32. Kwa gemu ya simu anza na pikseli 256 kwa mita, yaani kila mraba wa drafti uwe na sentimita 12.5 juu ya kitu chochote. Mlango wa mita 2.1 kwa 1.1 unahitaji basi pikseli 538 kwa 282, si zaidi. Uso wa mtu unaweza kupewa mara mbili ya hapo kwa sababu kamera huukaribia; dari na paa nusu yake. Nje ya hayo, kataa.

Kwenye gemu ya pikseli ugonjwa ni huohuo kwa sura nyingine: pikseli moja ya mti inachukua pikseli 4 za skrini na ya nyumba 3. Kilichotokea ni kwamba mtu aliivuta spraiti (picha bapa ya kitu kimoja) ndani ya injini ili "itoshe". Stardew Valley ya mwaka 2016 imejengwa juu ya vigae vya pikseli 16 kwa 16, na sehemu ya utulivu wake inatoka hapo. Chagua kigae kimoja, weka pikseli 16 kwa kila kipimo cha injini kwenye spraiti zote, zima ulainishaji wa teksha, na ukuze picha nzima kwa namba kamili tu. Picha ya urefu wa pikseli 180 ikikuzwa mara 4 inajaza skrini ya 720. Simu nyingi za bei nafuu ni 1600 kwa 720, kwa hiyo acha upana ufike 400 badala ya kuibana kwenye 320.

Chanzo cha pili ni kutia chumvi nusunusu. Mtu mzima halisi ana urefu wa vichwa saba na kidogo. Wako wa katuni labda ana vinne na nusu, mikono mikubwa, shingo nyembamba. Halafu umemtengenezea kikombe kwa vipimo vya rula. Kikombe cha sentimita 8 kinazama kiganjani, na mtu anaonekana jitu ndani ya nyumba ya watoto. Chumvi ikitiwa, itiwe chungu kizima. Vitu vya kushika mkononi vikuze kwa 1.4. Komeo, swichi na vipini kwa 1.5. Miguu ya meza na viti isipungue sentimita 6 kwa unene. Nyumba zibaki na urefu wake halisi, ila upana wa mlango uwe mita 1.1 hata kama wa kweli ni mdogo, la sivyo watu wawili wakipishana watapenyana.

Chanzo cha tatu ni kingo. Kona kali ya nyuzi 90 haimeremeti kwenye mwanga, kwa hiyo kitu kinaonekana boksi la plastiki. Lainisha kwa kipimo kimoja kwa kila kundi: nusu sentimita kwa vitu vya mkononi, sentimita 2 kwa samani, sentimita 4 kwa kona za kuta. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa miaka na miaka hauna kona kali popote, kwa hiyo kwa nyumba za mawe hata 6 inafaa. Ukiutengeneza kama ukuta wa zege, hakuna teksha itakayouokoa.

## Dalili: ngozi nyeusi imekuwa ya kijivu, na usiku nyuso zinapotea

Haya ni makosa manne yaliyopandana. Ukitibu moja tu utasema tiba imeshindwa.

La kwanza liko kwenye teksha. Imechorwa ngozi moja nyeupe, kisha sheda (programu ndogo inayoamua rangi ya umbo kwenye skrini) inaizidisha kwa rangi ya kahawia kupata nyingine zote. Kuzidisha kunatia giza kila kitu kwa kiwango kimoja: viganja, nyayo, midomo, ukingo wa macho. Kunapoteza pia tofauti ndogo za wekundu, na kinachobaki ni jivu. Ngozi ichorwe kwa ngazi zake yenyewe. Kwa ngozi ya kahawia iliyoiva: rangi ya msingi #6B3F2A, kivuli #3E2226, penye mwanga #A8694A, mng'ao #D9B7A0. Kwa nyeusi zaidi: msingi #4A2A20, kivuli #26161C, penye mwanga #7D4B35, mng'ao #B9A3A0. Angalia vivuli: havikwenda kwenye nyeusi, vimekwenda upande wa zambarau. Na mng'ao wa ngozi nyeusi zaidi umepoa, kwa kuwa unachukua rangi ya mbingu. Viganja na nyayo vipewe maski yake (picha inayoonyesha rangi iingie wapi).

La pili ni nywele. Wachoraji wengi huweka nywele #000000, kisha hushangaa kichwa kimekuwa tundu. Weka #1E1716. Kwenye kipimo cha mwangaza cha 0 hadi 100, nywele hizo ziko kwenye 9 hivi na ngozi ya #4A2A20 iko kwenye 21. Pengo hilo la 12 linatosha kutenganisha paji la uso na nywele hata kwenye picha isiyo na rangi. Likipungua chini ya 8, mstari wa nywele unapotea.

La tatu ni ukavu. Kipimo cha rafunesi (0 ni kioo, 1 ni unga mkavu) huachwa kwenye 0.8 kwa ngozi zote kwa sababu kilionekana vizuri kwenye mhusika mweupe wa majaribio. Ngozi nyeupe husomeka kwa rangi yake yenyewe. Ngozi nyeusi husomeka zaidi kwa mng'ao unaopita juu ya mashavu, pua na mabega. Shusha hadi 0.45 usoni na 0.55 mwilini. Ukifika 0.3 watu wote wataonekana wamepakwa mafuta ya nazi, jambo ambalo kwa siku ya harusi si baya, lakini si kila siku.

La nne ndilo gumu kulishika kwa sababu haliko kwenye mhusika kabisa: ni ukuta nyuma yake. Ukuta wa chokaa ukipewa nyeupe ya 245 au 250, injini yenye kujirekebisha mwanga yenyewe inapima ukuta na kuzima kila kitu kingine. Chokaa iwe kati ya 215 na 225, na haitaacha kuonekana nyeupe. Macho huhukumu kwa kulinganisha. Kisha zima urekebishaji wa mwanga wa moja kwa moja, au ubane usizidi nusu stopu juu na nusu chini (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Angalia pia kichujio cha kubana mwanga: ACES, mojawapo ya vichujio hivyo, inakaza tofauti za giza na kubadili rangi zilizokolea, na wanaoumia kwanza ni hao wenye ngozi nyeusi. Jaribu kichujio kisicho na ukali huo kabla ya kugusa tena teksha.

Kwa usiku, usiwashe taa zaidi ya moja kubwa. Wape wahusika taa hafifu ya pembeni inayowafuata, nyuma ya bega, rangi ya samawati iliyofifia, isiyogusa kuta. Ni uongo, lakini unasomeka.

## Dalili: mji unaonekana Ulaya, hata ukipanda minazi

Watu huongeza minazi zaidi. Kosa liko kwenye jua.

Mifumo ya mbingu inayokuja na injini mara nyingi imewekwa jua la nchi za mbali na ikweta: chini, la pembeni, vivuli virefu vya samawati, machweo yasiyoisha. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua halishuki chini ya nyuzi 64 kutoka upeo wa macho siku yoyote ya mwaka, na mtu wa mita 1.7 kivuli chake cha adhuhuri hakizidi sentimita 83. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini na vivuli vya adhuhuri huanguka kusini, Desemba hugeuka. Linachomoza na kuzama karibu wima, kwa hiyo kutoka kuzama hadi giza la kuhitaji taa ni kama dakika 20 hivi tu. Ukiweka machweo ya saa nzima umeuhamisha mji.

Sasa mtego: ukiweka jua la kweli la adhuhuri, picha inakuwa bapa. Nyuso zinapata kivuli cheusi chini ya nyusi, kuta hazipati mwanga, kinachobaki kuangaza ni paa tu. Hapa ukweli inafaa kuupindisha kidogo. Zuia jua lisipande zaidi ya nyuzi 55 machoni pa mchezaji, hata kama saa ya gemu inasema saa sita, na ongeza mwanga unaorudi kutoka chini: mchanga na kuta nyeupe hurusha mwanga wa joto juu kwenye kidevu na dari za baraza. Taa ya chini kwenda juu, rangi #F2DDB8, nguvu asilimia 15 hadi 20 ya jua. Hiyo moja inafanya kazi kubwa kuliko minazi hamsini.

Vivuli vya mchana viwe na ukingo mkali na rangi ya zambarau-kahawia kidogo badala ya samawati. Ndani ya vichochoro, kinyume chake: laini, baridi, karibu bila jua la moja kwa moja.

## Dalili: kanga inaonekana karatasi ya kupambia zawadi

Nguo hii inaeleza mtindo wote, kwa hiyo inastahili muda.

Mchoraji asiyeijua huchukua ua moja, akalirudiarudia kama kigae juu ya nguo nzima. Kanga haiko hivyo. Ni mstatili wa takribani mita 1.5 kwa 1.1 wenye sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote, mji katikati, na jina, maandishi yaliyo ndani ya kisanduku juu ya pindo la chini. Ukiirudia kama kigae pindo linapotea, na bila pindo kilichobaki ni kitambaa tu.

Ijenge kama fremu ya vipande tisa: pembe nne zisizovutika, pande nne zinazovutika kwa upande mmoja, na mji katikati. Jina liwe kipande cha kumi, peke yake. Kwa pikseli 256 kwa mita, herufi za sentimita 4 zinapata pikseli 10 tu za urefu na hazisomeki mtu akitembea. Zikuze hadi sentimita 7, upate pikseli 18. Jina kama "Wema hauozi" linaenea vizuri. Majina marefu ya maneno sita saba yakate mistari miwili au yaache kwa kanga inayotundikwa ukutani.

Makosa yanayojirudia hapa ni haya. Jina linasomeka kinyume upande mmoja wa mwili: umbo lilitandazwa bapa ili lipakwe teksha, kwa kukunja nusu juu ya nusu ili kuokoa nafasi. Nguo zenye maandishi zisitandazwe hivyo. Jina limepinda na kuvimba nyuma: kipande chake kimepita juu ya mshono wa nyonga; sogeza mshono ubavuni. Rangi za maua zinamwagikiana kama wino kwenye maji: ni ubanaji wa faili. ASTC (mfumo wa kubana teksha) ya vipande 8 kwa 8 inatumia biti 2 kwa pikseli na inaua kingo kali. Ya 4 kwa 4 inatumia biti 8. Pandisha kanga peke yake hadi 4 kwa 4 na uache kuta kwenye 8 kwa 8, ambako hakuna atakayeona.

Na usichore rangi moja kwa moja. Kanga moja kwa kawaida ina rangi chache tu, kwa hiyo chora maski: chaneli nyekundu iwe ardhi ya nguo, kijani iwe maua, bluu iwe mistari ya pindo, na sheda ijaze rangi kutoka kwenye paleti (orodha ya rangi). Maski kumi na mbili na paleti ishirini zinakupa kanga 240 kwa bei ya kumi na mbili. Maski hiyo isiwekwe alama ya sRGB (ya picha za rangi za kawaida) wakati wa kuingiza, kwa sababu ni data. Ukisahau, rangi za katikati zitazama na utatafuta kosa kwenye paleti wiki nzima.

Mbinu hiyohiyo inafaa kitenge, mikeka na vigae vya sakafu.

## Dalili: nguo zinapenyana, mwili unachomoza

Chanzo ni kwamba mwili unaendelea kuwepo chini ya nguo. Kila nguo ije na maski inayoficha sehemu ya mwili iliyo chini yake, ikiacha sentimita 3 tu za ngozi kuingia ndani ya kola, mikono na pindo. Weka matabaka matatu ya umbali kutoka kwenye ngozi: nusu sentimita kwa fulana na shati, sentimita moja kwa gauni na kanzu, moja na nusu kwa koti au baibui. Nguo isiyojua tabaka lake isiingizwe.

Wanene na wembamba: kila badiliko la umbo la mwili lihamishiwe kwenye nguo kwa jina lilelile. Herufi moja ikikosewa, mwili unanenepa na nguo inabaki.

Kanzu na baibui zina tatizo lao la pekee. Miguu miwili ikiendeshwa na mifupa miwili (vishikizo vya ndani vinavyosogeza umbo), pindo la chini linapasuka katikati kama suruali. Ongeza mifupa minne ya sketi, mbele, nyuma na pande zote mbili, ifuate wastani wa mapaja, na utengeneze mkao wa kukaa kwa ajili ya nguo ndefu badala ya kutegemea ule wa suruali. Mtandio na kofia vinahitaji toleo la nywele lililobanwa kwa kila mtindo wa nywele. Ni kazi ya kuchosha, hakuna njia ya mkato yenye heshima.

## Dalili: watu wanaonekana maiti

Masahiro Mori alilieleza mwaka 1970 akizungumzia roboti: kadiri kitu kinavyokaribia kufanana na mtu ndivyo kinavyopendeza, hadi kinapokaribia mno bila kufika, na hapo kinatisha. Kwenye gemu za timu ndogo sababu karibu ni moja. Ngozi ina vinyweleo na mikunjo, lakini uso una sura tano tu za hisia. Uhalisia wa uso usizidi uhalisia wa mwendo. Punguza undani wa ngozi, kuza macho kwa asilimia 20, weka nukta ya mwanga jichoni ambayo haizimiki hata usiku, fanya apepese kila sekunde 3 hadi 5, na mboni ziruke kidogo kabla ya kichwa kugeuka. Kichwa kikitangulia macho, maiti karudi.

## Dalili: ndani ya nyumba huoni kitu

Vyumba vya nyumba za kale za mawe ni vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazizidi hapo. Kuta zina unene wa nusu mita. Kamera ya juu-pembeni ikiingia humo inaona ukuta na kisogo cha mtu.

Usipanue chumba, upana huo ndio sura yake. Kata kuta zilizo upande wa kamera zibaki sentimita 30, uso wa mkato upake rangi moja nzito, mfano #5A4A42, ili jicho lielewe kuwa ni mkato na si kibaraza. Zidaka na nakshi ziwe kwenye kuta za mbali tu, kwa kuwa ndizo zinazobaki. Tumia gridi ya nusu mita kwa samani. Ya mita moja mara nyingi haitakuachia njia ya kupita.

Kwa wanaochora picha bapa za pembe: mstari uende pikseli 2 mlalo kwa 1 wima, yaani nyuzi 26.565. Ukichora kwa nyuzi 30 kamili za kitabu cha jometri, ngazi za pikseli zinakuwa 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1 na kila ukingo unaonekana umetafunwa na panya. The Sims ya mwaka 2000 ilichanganya samani za picha bapa na watu wa 3D, na ikawezekana kwa sababu kamera ilifungwa kwenye pembe chache. Mchezaji akiruhusiwa kuzungusha kamera atakavyo, mlango huo umefungwa.

## Dalili: mabati yanachemka, makuti yanakwamisha simu

Migongo ya mabati halisi ina nafasi ya sentimita 7 hadi 8. Kwa mbali mstari mmoja unakuwa mdogo kuliko pikseli, na paa linatetemeka kila kamera ikisogea. Panua nafasi hadi sentimita 15, washa nakala ndogo za teksha kwa umbali, na uzime taratibu mabonde ya uso kuanzia mita 15.

Makuti yenye maelfu ya majani yaliyokatwa kwa uwazi ni adui wa simu: chipu yake ya picha inapoteza uwezo wa kuruka kilichofichwa nyuma, na pikseli ileile inapakwa mara tano sita. Paa liwe umbo zito lisilo na uwazi, teksha imechorwa matabaka ya makuti, na majani ya kweli yawe kwenye ukingo wa chini tu, ambako jicho hutazama. Mtu akitembea barabarani hatatofautisha.

## Dalili: mtindo umeanza vizuri, miezi sita baadaye umehama

Hutokea zaidi pale mchoraji wa pili anapoingia. Mwongozo wenu unasema "joto, laini, wa kirafiki", na kila mtu ana joto lake. Futa maneno hayo. Weka ukurasa mmoja wenye pikseli kwa mita, vipimo vya kukuza, vya kingo, paleti ya rangi 32 zisizoongezwa bila kikao, na picha ya chumba cha vipimo. Kisha upime ukurasa wenyewe: mpe mtu asiyewahi kuugusa mradi achore sufuria, mto wa kulalia na mbuzi. Kimoja kigumu, kimoja laini, kimoja chenye uhai. Kila swali atakalouliza ni mstari unaokosekana kwenye ukurasa. Sufuria kwa kawaida hutoka sawa. Mbuzi ndiye anayefichua.

## Dalili: kwenye kompyuta safi, kwenye simu tope

Skrini ya kazi iko kwenye mwangaza wa juu, ndani ya chumba chenye pazia. Mchezaji yuko kwenye daladala au barazani. Toka nje saa sita, simu iwe kwenye asilimia 60 ya mwangaza, na uangalie mambo matatu: je, unaona mtu aliyesimama kivulini, je, unasoma maandishi ya mahitaji yake, je, aikoni ya njaa na ya usingizi zinatofautiana bila kutegemea rangi? Maandishi yafikie uwiano wa 4.5 kwa 1 dhidi ya kilicho nyuma yake. Aikoni 3 kwa 1. Wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, kama mmoja kati ya 12 hachambui vizuri nyekundu na kijani, kwa hiyo mstari wa hali unaotoka kijani kwenda nyekundu upewe pia umbo linalobadilika.

Kama kivulini hupati kitu, usiongeze mwanga wa mandhari yote, maana hapo utaua adhuhuri uliyoitafuta kwa shida. Inua giza peke yake: rangi nzito kuliko zote kwenye gemu isishuke chini ya RGB 22, 18, 24. Rudi nje, tazama tena.